Msimbo wa Gray: uakisi, upige fomula, au ugeuze biti mojamoja?

Mwezi wa sita, upepo wa kusi ukiwa umeishika ghuba ya Mikindani tangu alfajiri, nilifunga kielekezo cha upepo juu ya nguzo, karibu na pale vyombo vinapovutwa mchangani. Mkia wake ulikuwa wa plaiwudi, mhimili ukizunguka ndani ya beringi ya pikipiki. Chini ya mhimili kulikuwa na kisahani cha plastiki chenye stika ya pete nne, nyeusi kwa nyeupe, iliyochapwa steshenari ya Mtwara mjini. Vihisi vinne vya mwanga wa infraredi vilizisoma pete hizo, na ubao wa Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kuongozea vifaa, ukaandika upande wa upepo kwenye skrini ndogo. Nahodha mmoja mtu mzima alikuja kutazama.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Hapa panasema upepo wa wapi?"

Skrini ilisema kusini. Sijafungua mdomo, ikaruka ikaandika kaskazini, kisha ikarudi kusini.

"Kaskazini, mwezi huu?" aliuliza kwa upole. "Mie nikikifuata hiki, tanga nitalitweka siko."

Waya zilikuwa nzima na vihisi vilikuwa vipya. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio wa sifuri na moja niliotumia kuchora zile pete. Nilipoanza kutafuta mpangilio sahihi, huo unaoitwa msimbo wa Gray, nilikuta njia tatu za kuutengeneza, kila moja ikielezwa kana kwamba nyingine hazipo. Hapa naziweka pamoja, kwa sababu kila moja ina kazi yake, na ukiichukua isiyo yako utataabika bure.

## Kwa nini kusi ndiyo iliyoumia

Kisahani chenye pete nne, kila pete ikisomwa kama tarakimu moja ya 0 au 1 (biti), kinaugawa mzunguko sehemu 16, kila sehemu digrii 22.5. Mimi nilizipa sehemu hizo namba 0 hadi 15 kuanzia kaskazini, nikaziandika kwa baineri ya kawaida, ile ya kuhesabu 0000, 0001, 0010, 0011 na kuendelea. Kusini ikawa namba 8, yaani 1000. Sehemu inayoitangulia ukitokea mashariki ikawa namba 7, yaani 0111.

Tazama mpaka kati ya 7 na 8. Biti zote nne zinageuka. Kwenye karatasi zinageuka kwa pamoja, lakini kwenye kisahani halisi kihisi kimoja kimekaa nusu milimita mbele ya mwenzake, stika imebandikwa imepinda kidogo, na mhimili unatikisika. Kuna kitambo ambapo biti tatu za kulia zimeshazima na ile ya kushoto bado haijawaka. Ubao ukisoma wakati huo unapata 0000, na 0000 ni kaskazini. Biti ya kushoto ikiwahi, unapata 1111, ambayo ni jirani wa kaskazini kwa upande wa magharibi. Vyovyote itakavyokuwa, kielekezo kinakuambia upepo unatoka upande ulioupa kisogo.

Baineri ina mipaka miwili ya namna hiyo: kati ya 7 na 8, na kati ya 15 na 0. Mmoja umeangukia kusini, mwingine kaskazini. Pwani hii yote, kuanzia Kilwa na Lindi hadi Msimbati, inaishi kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo mkia wa kielekezo changu ulikuwa ukicheza juu ya mpaka mbovu kuliko yote, asubuhi hadi jioni, kwa miezi. Sikuwa nimechagua vibaya kwa bahati mbaya siku moja. Nilikuwa nimeuweka ubovu mahali penye upepo.

Mtu atasema, basi zungusha kisahani, sifuri ielekee magharibi. Ubovu utahamia magharibi na mashariki, na bado mipaka ya 3 na 4, na ya 11 na 12, inageuza biti tatu kwa mpigo. Haponi mgonjwa kwa kuhamishwa kitanda.

Dawa ni mfuatano ambao kila namba na jirani yake zinatofautiana kwa biti moja tu, hata ya mwisho na ya kwanza. Ukivuka mpaka, kihisi kikichelewa unasoma sehemu uliyotoka. Kikiwahi unasoma sehemu unayoingia. Jibu la tatu halipo. Huu ndio msimbo wa Gray, uliopewa jina la Frank Gray wa maabara za Bell huko Marekani, aliyeomba hataza yake mwaka 1947 na kuipata mwaka 1953. Mpangilio wenyewe ni wa zamani zaidi: Mfaransa Émile Baudot aliutumia kwenye telegrafu yake katika miaka ya 1870, na Louis Gros, Mfaransa pia, aliuandika mwaka 1872 alipokuwa akieleza fumbo la pete zilizofungamana kwenye uzi wa chuma.

Hii hapa dira nzima, ya zamani na mpya, mtu akitaka kuichukua:

| Namba | Digrii | Upande | Baineri | Gray |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 0 | Kaskazini | 0000 | 0000 |
| 1 | 22.5 | | 0001 | 0001 |
| 2 | 45 | Kaskazini Mashariki | 0010 | 0011 |
| 3 | 67.5 | | 0011 | 0010 |
| 4 | 90 | Mashariki | 0100 | 0110 |
| 5 | 112.5 | | 0101 | 0111 |
| 6 | 135 | Kusini Mashariki | 0110 | 0101 |
| 7 | 157.5 | | 0111 | 0100 |
| 8 | 180 | Kusini | 1000 | 1100 |
| 9 | 202.5 | | 1001 | 1101 |
| 10 | 225 | Kusini Magharibi | 1010 | 1111 |
| 11 | 247.5 | | 1011 | 1110 |
| 12 | 270 | Magharibi | 1100 | 1010 |
| 13 | 292.5 | | 1101 | 1011 |
| 14 | 315 | Kaskazini Magharibi | 1110 | 1001 |
| 15 | 337.5 | | 1111 | 1000 |

Pitisha kidole kwenye safu ya mwisho, mstari kwa mstari. Kutoka 7 kwenda 8 ni 0100 kwenda 1100: biti moja. Kutoka 15 kurudi 0 ni 1000 kwenda 0000: biti moja.

Kuna faida nyingine niliyoiona nilipochora pete mpya. Kwenye baineri pete ya biti ndogo kuliko zote inabadilika rangi kila sehemu, kwa hiyo kila kipande chake ni digrii 22.5. Kwenye Gray vipande vya pete hiyohiyo ni vya digrii 45, vipana mara mbili, na printa ya steshenari inavitoa safi. Ukienda kwenye pete tano na sehemu 32, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama kihisi cha bei nafuu kitaona au hakitaona.

Sasa njia za kuutengeneza. Zote tatu zinazofuata zinatoa orodha ileile uliyoiona kwenye jedwali, na nalisema hili mapema maana mimi mwenyewe nilidhani ni misimbo mitatu. Kinachotofautiana ni zinachokudai.

## Kuakisi

Anza na biti moja: 0, 1. Iandike tena kwa kinyume chini yake, kama unavyoiona kwenye kioo: 0, 1, 1, 0. Nusu ya juu iwekee 0 mbele, nusu ya chini iwekee 1. Umepata 00, 01, 11, 10. Rudia: 00, 01, 11, 10, kisha 10, 11, 01, 00, weka 0 mbele ya nne za kwanza na 1 mbele ya nne za pili. Umepata 000, 001, 011, 010, 110, 111, 101, 100. Kila ukiakisi, unaongeza biti moja na orodha inakuwa maradufu.

Uzuri wake ni kwamba ukweli wake unaonekana kwa macho. Ndani ya kila nusu majirani tayari walikuwa wanatofautiana kwa biti moja, na biti mpya haiwasumbui kwa kuwa ni ileile kwa wote. Kwenye mstari wa kioo walio juu na chini ni namba ileile, wanatofautiana kwa ile biti mpya tu. Mwisho na mwanzo vilevile. Ukimweleza kijana wa kidato cha tatu akiwa na kalamu mkononi, ataelewa na hatasahau. Wanaosoma umeme vyuoni wamekwisha kuutumia bila kuambiwa jina lake: safu za ramani ya Karnaugh, jedwali la kurahisisha mantiki ya saketi, zinapangwa 00, 01, 11, 10 kwa sababu hii hii, ili visanduku vinavyopakana vitofautiane kwa kigezo kimoja.

Kwa pete tatu au nne, kuakisi kwa mkono kunatosha na kuzidi. Kwa sita, mistari 64, mkono huanza kuteleza, na mstari mmoja ukikosewa hapo juu unaakisiwa mara nyingi kwenda chini.

Kwa programu ni habari nyingine. Kuakisi kunakulazimisha uwe na orodha nzima kabla hujatumia hata namba moja, na kumbukumbu ya vifaa vyetu hivi vidogo ni finyu. Arduino Uno ya R3 ina baiti 2,048 za kumbukumbu ya kufanyia kazi (baiti moja ni biti nane). Msimbo wa biti 10 una namba 1,024, kila moja inahitaji baiti mbili: hizo ni baiti 2,048 kamili, hakuna iliyobaki hata ya kusomea kihisi. Nimeona programu za namna hii zinazogoma bila kueleza kwa nini, na mwenye kazi anaanza kubadilisha nyaya.

## Fomula

Hii ndiyo niliyoiweka kwenye kielekezo, na ndiyo ningempa mtu yeyote anayetengeneza kifaa cha kusoma mahali kitu kilipo.

Chukua namba yako kwa baineri. Isogeze kulia hatua moja. Linganisha biti za namba ya kwanza na za ile iliyosogezwa: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Watu wa programu huuita ulinganishi huu XOR, na mstari mzima ni huu:

`g = n ^ (n >> 1)`

Jaribu na 11. Kwa baineri ni 1011. Ikisogezwa ni 0101. Linganisha: 1 na 0 ni 1, 0 na 1 ni 1, 1 na 0 ni 1, 1 na 1 ni 0. Umepata 1110. Rudi kwenye jedwali, mstari wa 11.

Nguvu ya fomula ni kwamba haikudai yaliyopita. Ukitaka namba ya 700 unaipata moja kwa moja bila kupita 699 za mwanzo na bila orodha yoyote kwenye kumbukumbu.

Lakini kielekezo cha upepo kinafanya kazi kinyume. Vihisi vinakupa Gray, wewe unataka namba ya sehemu ili uizidishe kwa 22.5 upate digrii. Maelezo mengi yanaishia kwenye fomula ya kwenda na kumwacha fundi njiani. Kurudi kunakwenda hivi: biti ya kushoto kabisa inabaki ilivyo. Kila inayofuata, ilinganishe na jibu ulilolipata kwa iliyoitangulia. Zikifanana 0, zikitofautiana 1. Chukua 1110. Ya kwanza ni 1. Ya pili ni 1, jibu lililotangulia ni 1, zinafanana: 0. Ya tatu ni 1, jibu lililotangulia ni 0: 1. Ya nne ni 0, jibu lililotangulia ni 1: 1. Jibu 1011, yaani 11. Tumerudi nyumbani.

Kwa namba ya biti nane au chini yake, mistari mitatu inatosha:

`g = g ^ (g >> 4)`
`g = g ^ (g >> 2)`
`g = g ^ (g >> 1)`

Kwa biti 16 utaanza na mstari wa `>> 8`, kwa biti 32 na wa `>> 16`. Kwa kisahani cha pete nne tu, kusema kweli, hata orodha ya namba 16 iliyoandikwa ndani ya programu inatosha. Ni baiti 16, na atakayerithi kazi yako ataielewa haraka zaidi kuliko hizo alama. Mimi nimeandika fomula kwa sababu nataka kwenda pete tano.

Usifanye hesabu juu ya namba za Gray kabla hujazirudisha. Kutafuta wastani wa upepo wa dakika kumi kwa kujumlisha 0100 na 1100 kama zilivyo kunatoa takataka. Rudisha kwanza, hesabu baadaye.

## Kugeuza biti mojamoja

Njia ya tatu haiulizi "namba ya kumi na moja ni ipi?" Inauliza "nipo hapa, nigeuze biti gani sasa?" Watu wengi huipita haraka, na mimi naona ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote mbili.

Kanuni yake ni fupi kiasi cha kuifanya kwa kete mezani. Hesabu moja zilizopo. Idadi ikiwa shufwa, geuza biti ya kulia kabisa. Ikiwa witiri, tafuta moja iliyo kulia kuliko zote, geuza biti iliyo kushoto kwake. Anza 000: moja hazipo, sifuri ni shufwa, geuza ya kulia: 001. Sasa ni moja, witiri, geuza iliyo kushoto kwake: 011. Mbili, shufwa: 010. Witiri: 110. Shufwa: 111. Tatu, witiri: 101. Shufwa: 100. Witiri tena, lakini kushoto hakuna biti: umefika mwisho. Huhitaji kukumbuka uko hatua ya ngapi, huhitaji orodha. Hali uliyo nayo ndiyo inayokuambia hatua inayofuata.

Ukiwa na kaunta ya hatua, ni rahisi zaidi. Hatua ya 1, 3, 5, 7, geuza biti ya kwanza kutoka kulia. Hatua inayogawanyika kwa 2 mara moja tu, ya pili. Mara mbili, ya tatu. Kwa biti nne inatoka hivi: 1, 2, 1, 3, 1, 2, 1, 4, 1, 2, 1, 3, 1, 2, 1. Ni kama alama za rula, ndefu katikati na fupifupi pembeni. Mwaka 1976 Bitner, Ehrlich na Reingold walichapisha namna ya kuipata biti ya kugeuza kwa muda uleule katika kila hatua, bila kutafuta, hata biti zikiwa nyingi.

Mahali pake ni wapi? Ni pale unapotaka kupitia hali zote zinazowezekana, na kila badiliko lina gharama.

Chukua fundi umeme aliyemaliza kufunga nyumba pale Lindi mjini, ana swichi nne na anataka kuhakikisha hakuna mchanganyiko wowote unaoangusha saketi breka. Hali ni 16. Akizifuata kwa baineri, kutoka zote zimezimwa hadi zote zimewashwa, atabonyeza mara 26. Kwa Gray atabonyeza mara 15, moja kwa kila hali mpya. Kuokoa mibonyezo 11 si kitu kikubwa. Kikubwa ni kwamba breka ikianguka, anajua ni swichi gani iliyoiangusha, kwa kuwa ndiyo pekee aliyoigusa. Kwa baineri, akitoka 0111 kwenda 1000 amegusa nne, na sasa ana kazi ya kuchunguza upya. Kwa kazi ya kutafuta hitilafu sioni sababu ya kutumia mpangilio mwingine.

Au chukua mfanyabiashara mwenye mizigo 20 ya uzito tofauti na kirikuu kimoja, anataka mchanganyiko unaokaribia zaidi uzito gari linaloruhusiwa kubeba. Michanganyiko ni 1,048,576. Ukijumlisha kila mmoja upya, kwa wastani unajumlisha mizigo 10 kila mara. Ukipita kwa Gray, unaongeza mzigo mmoja au unatoa mmoja, basi. Lakini tuwe wakweli: mtu akihesabu kwa baineri na kurekebisha biti zilizobadilika tu, kwa wastani anarekebisha karibu mbili kwa hatua. Kwa hiyo dhidi ya programu iliyoandikwa vizuri, Gray inakupa nafuu ya kama mara mbili, si mara kumi kama wengine wanavyotangaza. Ndani ya kompyuta, nafuu hiyo huenda usiione. Kama mizigo ni magunia halisi juu ya mizani na wanaoyabeba ni watu, utaiona jioni mgongoni mwao.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inatembea, hairuki. Ukitaka namba ya 700, tembea. Ndiyo maana haikufaa kwenye kielekezo: upepo haunisubiri nianze kuhesabu kutoka kaskazini.

## Pale orodha hii isipotosha

Mpaka hapa tumezungumzia orodha moja. Zipo nyingine zenye sifa ileile ya biti moja, na katika hali tatu zinafaa kuliko hii.

Ya kwanza ni idadi ya sehemu isiyokuwa 4, 8, 16 au 32. Tuseme unatengeneza kitasa cha kuchagua saa za pampu ya maji, nafasi 12 kwa mzunguko. Usichukue namba 12 za mwanzo, maana ya 11 ni 1110, ya 0 ni 0000, na kati yao kuna biti tatu. Kata juu na chini sawasawa: acha mbili za mwanzo na mbili za mwisho, anza na 0011 (namba 2), ishia na 1011 (namba 13). Hizo mbili zinatofautiana kwa biti ya kushoto tu, kwa sababu ya ule mstari wa kioo. Kwa nafasi 10 kata tatu kila upande. Nafasi za witiri, kama 15, haziwezekani kwa mzunguko kamili, usipoteze usiku: kila biti iliyogeuka lazima irudi ilivyokuwa, kwa hiyo jumla ya mageuzi ni shufwa daima.

Ya pili ni kuchakaa. Katika mzunguko wa biti nne za Gray ya kawaida, biti zinageuka mara 8, 4, 2 na 2. Kama biti zako ni rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) au vibonyezo vinavyochakaa, kimoja kinafanya nusu ya kazi yote na kitakufa kabla ya wenzake. Upo mfuatano wenye mizani ambapo kila biti inageuka mara 4: 0000, 1000, 1100, 1101, 1111, 1110, 1010, 0010, 0110, 0100, 0101, 0111, 0011, 1011, 1001, 0001, kisha 0000. Hauna fomula fupi kama ile; utauweka kama orodha. Kwa vihisi vya mwanga visivyogusana na kitu, hauna faida yoyote.

Ya tatu ni ile inayonivutia. Pete nne kwenye kisahani kidogo zinabanana, na ile ya ndani ina nafasi finyu kabisa. Inawezekana kuwa na pete moja tu, na vihisi vyote vikaizunguka, kila kimoja mahali pake, vikisoma pete hiyohiyo kwa pamoja. Inaitwa Gray ya pete moja. Bei yake ni sehemu chache: vihisi vitano vya pete moja vinafikia sehemu 30 badala ya 32, na vinne vinafikia 8 tu badala ya 16. Lakini kwa vihisi tisa kuna mfuatano wa sehemu 360, digrii mojamoja kwa mzunguko mzima. Kwa vihisi vinne sikushauri, unapoteza nusu ya dira. Kwa vitano, ukiridhika na digrii 12 kwa sehemu, ni kazi safi. Ugumu wake ni kuvifunga vihisi kwa umbali sawasawa kwenye duara. Mkono usio na jigi nzuri, kifaa cha kushikia na kuongozea vipimo, utakosea.

Ipo pia njia ya watu wa viwandani ya kutumia vihisi viwili tu vinavyosoma 00, 01, 11, 10 na kuhesabu hatua zilizopita, mbele au nyuma. Hiyo nayo ni Gray ya biti mbili. Ni rahisi na ina usahihi mkubwa, ila umeme ukikatika inasahau ilipokuwa, na ukirudi haijui kaskazini ni wapi. Kwa kitu kinachokaa juu ya nguzo ufukweni, nimeiacha.

## Kabla hujabandika stika

Programu ya kukagua orodha yako ni mistari michache. Chukua kila namba na jirani yake, zipigie XOR, hesabu moja zilizotoka. Iwe moja kamili, isipungue wala kuzidi. Usisahau jozi ya mwisho na ya kwanza, ndipo makosa mengi yanapojificha. Hakikisha pia hakuna namba iliyojirudia. Kisha rudisha kila Gray kuwa namba uone kama inarudi kwenye mstari wake.

Kisahani kikishafungwa, kizungushe kwa mkono polepole, mzunguko mzima, ubao ukiandika kila kinachosomwa. Namba zipande moja moja hadi 15 na kurudi 0. Ukiona mruko, kihisi kimoja kimekufa au kimezibwa, na kwa kuwa ni Gray unaweza kusema ni kipi: ni kile ambacho biti yake haikugeuka kwenye zamu yake. Hewa ya bahari yenye chumvi huviwekea vihisi utando mweupe, kwa hiyo mimi narudia zoezi hili kila baada ya wiki chache, nikiwa na kitambaa na maji baridi yasiyo ya chumvi.

Nilibandika stika mpya siku ya Ijumaa. Jumamosi kusi lilikuwa kali, mkia ukicheza kati ya 7 na 8 bila kutulia. Skrini iliandika 157.5, 180, 157.5, 180, 180. Nahodha alitazama skrini, akatazama bendera kwenye mlingoti wa chombo chake, akatazama skrini tena.

"Sasa kinasema kweli," akasema, akaenda kushusha nyavu.